Ahadi Iliyoachwa Kisiwani

(Hotuba iliyosomwa redioni katika kipindi cha asubuhi)

Wewe uliye jikoni ukingoja chai ichemke, wewe uliye njiani kwenda kazini, nawe uliyelala kitandani kwa ugonjwa na redio yako kando ya mto, nawasalimu nyote kwa jina la Bwana wetu.

Asubuhi hii nina swali. Tuseme bahari imekutupa ufuoni. Huna kisu, huna kiberiti, huna sufuria, huna hata ndoana. Mbele yako ni maji, nyuma yako ni mchanga, na hakuna nyumba ya mtu. Je, utaanza na nini?

Swali hili niliwahi kuwauliza vijana wa kanisa. Mmoja akasema atavua samaki. Mwingine akasema atatafuta mnazi aangue madafu. Msichana mmoja akasema, "Mimi kwanza nitalia." Tukacheka sote, lakini nadhani huyo ndiye aliyesema kweli.

Baadaye nilimwuliza mzee mmoja mvuvi, mtu aliyeijua bahari tangu utoto wake. Yeye hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Mwalimu, kwanza maji. Kisha kivuli. Kisha moto. Chakula kitangoja." Nikamwuliza kwa nini chakula kije mwisho. Akanijibu, "Njaa hukupa siku nyingi. Kiu haikupi hata juma moja." Kisha akainua kidole kama mtu anayemwonya mtoto: "Na maji ya bahari usiyanywe, hata ukiona yanang'aa namna gani."

Mzee huyo hakusoma shule, lakini madaktari wanakubaliana naye. Katika lita moja ya maji ya bahari mna chumvi kama gramu 35. Figo zetu haziwezi kuitoa chumvi nyingi hivyo ila kwa kutumia maji mengine yaliyomo mwilini. Basi anayekunywa maji ya bahari anazidi kukauka. Anadhani anakunywa, kumbe ananyweka yeye.

Ndugu zangu, nimeanza na mambo haya kwa sababu nataka kuwasimulia habari ya watu walioyapitia kweli, katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Si hadithi ya kutungwa. Ilitokea mwaka 1761.

Mwaka huo meli ya Kifaransa iliyoitwa L'Utile ilikuwa katika bandari ya Foulpointe, pwani ya mashariki ya Madagaska, kile kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Meli ilikuwa imetumwa kununua mchele na ng'ombe kwa ajili ya kisiwa ambacho leo tunakiita Morisi. Gavana wa Morisi alikuwa amekataza kuletwa watumwa wakati ule, kwa maana kulikuwa na vita kati ya Wafaransa na Waingereza, naye aliogopa chakula kisiwatoshe watu. Lakini nahodha, Jean de La Fargue, alitaka faida yake ya siri. Akapakia watu wapatao 160, wanaume, wanawake na watoto wa Kimalagasi, akang'oa nanga.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1761, meli hiyo iligonga mwamba kando ya kisiwa kidogo sana cha mchanga. Kisiwa hicho kipo yapata kilomita 450 mashariki ya Madagaska. Urefu wake haufiki kilomita mbili, na mahali pake pa juu kabisa ni kama meta saba tu kutoka usawa wa bahari. Hapakuwa na mti wa kivuli, wala kijito, wala mtu. Vichaka tu, ndege, na upepo.

Sasa sikilizeni jambo la huzuni. Wale Wamalagasi walikuwa wamefungiwa tumboni mwa meli, na vifuniko vya juu vilikuwa vimepigiliwa misumari ili wasiasi usiku. Maji yalipoingia, wengi walizama wakiwa gizani. Waliobaki ni wale tu waliofanikiwa kutoka meli ilipopasuka. Na hata walipofika ufuoni taabu haikuisha. Maji machache yaliyookolewa kutoka melini waligawiwa mabaharia. Basi katika siku zile za kwanza Wamalagasi wengine wengi walikufa kwa kiu, huku ndugu zao wakiwatazama.

Nahodha alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Msaidizi wake, Barthélemy Castellan du Vernet, ndiye aliyeshika uongozi. Akawaamuru watu wachimbe kisima. Wakachimba mchangani mpaka karibu meta tano, wakapata maji. Hayakuwa matamu, lakini yalinyweka.

Huenda msikilizaji wa bara akauliza, maji ya kunywa yatatokaje katika kisiwa kilichozungukwa na chumvi? Jibu ni mvua. Maji ya mvua hupenya mchangani na kushuka polepole, na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya bahari, hukaa juu yake kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukichimba kwa kiasi unayapata. Ukipita kiasi unaikuta chumvi. Ndugu zetu wa Lamu hawahitaji kuelezwa jambo hili, maana maji yao yametoka tangu zamani chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mungu ameficha baraka mahali ambapo jicho linaona ukame mtupu.

Basi walikuwa wamepata maji. Kwa muda wa majuma manane hivi watu wote wakafanya kazi pamoja, Wafaransa na Wamalagasi. Wakaunda mashua kwa mbao za meli iliyovunjika. Tarehe 27 Septemba 1761 mashua ikawa tayari. Lakini haikuwa na nafasi ya watu wote. Wafaransa 122 wakapanda, wakabanana kama dagaa. Wamalagasi wapatao sitini, waliosaidia kuiunda mashua ile kwa mikono yao, wakaachwa ufuoni pamoja na chakula cha miezi mitatu.

Nao wakaachiwa kitu kingine. Wakaachiwa ahadi. Castellan aliwaahidi kwamba ataleta meli iwachukue.

Naomba uisimamishe picha hiyo moyoni mwako kidogo. Watu sitini wamesimama mchangani. Mashua inakwenda, tanga linapungua, linakuwa kama ukucha, linapotea. Mama mmoja anamwambia mtoto wake, "Watarudi. Wamesema."

Mashua ile ilifika Madagaska salama kwa siku nne. Mabaharia wakarudishwa katika visiwa vya Wafaransa. Castellan akamwendea gavana, akaomba meli. Gavana akakataa. Alikasirika kwamba amri yake ya kukataza watumwa ilivunjwa, na hakuwa tayari kutoa chombo wakati wa vita kwa ajili ya watu kama wale. Miezi mitatu ikapita. Mwaka ukapita. Vita vikaisha mwaka 1763, na meli bado haikwenda.

Je, kule kisiwani? Wapendwa, wale watu hawakukaa chini wakafa. Hapa ndipo tunapojifunza namna mtu anavyoishi ufuoni bila vifaa.

Walijenga nyumba. Mbao walizihitaji kwa kuni, kwa hiyo walijenga kwa mawe ya matumbawe, kuta nene sana, nyumba zimekaribiana na kukingana upepo, kwa maana tufani hupita pale. Na mjue kwamba katika desturi ya kwao mawe yalikuwa ya kujengea makaburi. Walio hai walikaa katika nyumba za miti. Fikirini ilivyowauma kulala ndani ya kuta kama za kaburi. Lakini walizijenga, kwa kuwa walikusudia kuishi.

Walikula ndege wa baharini na kasa. Walijitengenezea mavazi kwa manyoya ya ndege yaliyosukwa pamoja. Na inasimuliwa kwamba moto wao haukuzimika muda wote huo, ingawa kisiwa hakikuwa na mti. Kuni zao zilikuwa mbao za ile meli. Hebu fikirini kazi hiyo. Kila usiku lazima mtu awe macho. Mvua ikija lazima mtu aufunike moto. Usingizi wa mtu mmoja ungeweza kuwagharimu wote.

Kuanzia mwaka 2006 wataalamu wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mfaransa Max Guérout, walikwenda kisiwani mara kadhaa wakachimba. Walikuta zile kuta, mahali pa kupikia, na mifupa mingi sana ya ndege. Wakakuta pia vyombo vya shaba nyekundu. Vyombo vile vilikuwa vimetiwa viraka. Kilipotoboka kilizibwa kwa kipande cha shaba kilichokatwa kwa uangalifu na kupigiliwa. Kilipotoboka tena, kikazibwa tena. Kiraka juu ya kiraka.

Nilipoyasoma hayo nilinyamaza kitambo. Mtu aliyekata tamaa hazibi sufuria. Anayeziba sufuria anasema, "Kesho nitapika." Na walisema hivyo siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, katika kisiwa ambacho hakuna aliyewakumbuka.

Hakuna, isipokuwa mmoja. Castellan hakuacha kuuliza. Alikuwa ameondoka katika nchi zile akarudi Ufaransa, lakini lile tanga lililopotea machoni mwa watu sitini halikupotea machoni mwake. Mwaka 1772 alimwandikia waziri aliyesimamia mambo ya bahari, akamsihi apeleke meli. Safari hii alikubaliwa. Mwaka 1775 meli ya kwanza ikafika karibu, lakini bahari ya pale ni kali. Mashua ndogo ikavunjika, baharia mmoja akaogelea mpaka ufuoni, na meli ikalazimika kumwacha. Wengine wakajaribu, wakashindwa. Yule baharia aliunda chelezo, akaondoka na wanaume watatu na wanawake watatu. Hawakuonekana tena.

Hatimaye, tarehe 29 Novemba 1776, meli iitwayo La Dauphine, chini ya ofisa Tromelin, ilifika. Kisiwa sasa kinaitwa kwa jina lake. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitano na miezi miwili tangu ile mashua iondoke. Ni zaidi ya siku 5,500. Katika watu sitini, Tromelin aliwakuta wanawake saba na mtoto mchanga wa miezi minane.

Ndugu msikilizaji, hapa nataka niseme neno langu la asubuhi ya leo, nalo ni fupi. Anayeahidi husahau. Anayeahidiwa huhesabu siku.

Sisi tunasema ahadi ni deni, tena tunalisema vizuri sana tunapomdai mtu. Lakini ahadi zetu wenyewe tunazitoa kama mtu anayetupa maganda ya machungwa njiani. "Nitapita kwako Jumamosi." "Karo ya mtoto niachie mimi." "Nikifika Nairobi nitakuandikia." "Tutakuombea." Sisi tunapanda mashua yetu tunakwenda. Yule mwingine amebaki mchangani anautunza moto.

Sisemi hivi kama mtu asiye na kosa. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa ningali kijana katika kazi hii, nilipelekwa kuhudumu pwani. Kulikuwa na mama mmoja mzee, mjane, ambaye mwanawe alikuwa amekwenda kufanya kazi ya meli, na ilikuwa muda mrefu hajasikia habari zake. Mama yule hakujua kuandika. Akaniomba nimwandikie barua. Nikamwambia, "Mama, Alhamisi nitakuja na karatasi na kalamu, tutaandika." Nikaondoka nikijisikia kuwa mtu mwema.

Alhamisi ilikuja ikapita. Palikuwa na mkutano. Alhamisi ya pili palikuwa na mazishi. Ya tatu hata sikukumbuka. Ilipita miezi saba, nami siku moja nikapita njia ile kwa shughuli nyingine, nikamwona amekaa mlangoni pake. Nikaona haya. Nikaanza kueleza mikutano yangu na safari zangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Barua alikuwa ameandikiwa na mtoto wa jirani. Hakunikasirikia, naye hata uji alinipa. Lakini alisema neno ambalo mpaka leo sijalisahau. Alisema, "Mwanangu, kama ulijua huji, ungaliniambia huji. Nisingalikaa nikiitazama njia."

Nisingalikaa nikiitazama njia! Wapendwa, sikuwa nimemwibia pesa. Sikuwa nimemtukana. Nilikuwa nimemwibia siku zake. Nilimwacha kisiwani, mimi mtumishi wa Mungu, kwa neno moja la mdomo.

Labda nawe una mtu kama huyo. Labda ni mzazi kijijini uliyemwambia utakuja mwezi wa Desemba, na sasa ni Desemba ya tatu. Labda ni mgonjwa uliyemwahidi kumtembelea. Labda ni mke wako au mume wako, mnalala nyumba moja, lakini uliahidi kuacha jambo fulani, naye bado anangoja. Labda ni kijana uliyemwambia utamtafutia kazi, na kila simu ikilia anadhani ni wewe. Usiseme, "Amekwisha kusahau." Wale wa kisiwani hawakusahau kwa siku 5,500.

Na ukisema, "Lakini sina uwezo tena wa kutimiza," basi mtazame Castellan. Yeye hakuwa na meli. Alichokuwa nacho ni mdomo wa kuomba na mkono wa kuandika. Hakuweza kutimiza ahadi, lakini alikataa kuizika. Sisemi kwamba hana lawama, maana alikuwa mmoja wa waliosafiri katika meli iliyobeba watu kama mizigo. Hata hivyo, kama naye angalinyamaza, La Dauphine isingalikwenda. Gavana alikuwa na meli bila moyo, na Castellan alikuwa na moyo bila meli. Mwishowe waliookoka waliokolewa kwa sababu ya yule mwenye moyo.

Basi kama huwezi kutimiza, nenda ukaseme. Mwambie mama yule asiitazame njia. Hilo nalo ni kutenda haki.

Na wewe uliye upande wa pili, wewe uliyeachwa ufuoni asubuhi hii, nina neno na wewe pia. Sitakuambia kwamba mashua inakuja kesho. Siijui kesho yako, na nimejifunza kutoahidi nisichokijua. Lakini nitakuambia walichofanya wale wanawake. Walichimba maji palipoonekana pakavu. Walijenga kwa mawe waliyoyaogopa. Waliziba sufuria. Walishikana zamu ya moto. Mtu peke yake asingaliweza kuutunza moto ule, maana mtu mmoja lazima alale. Tafuta mtu wa kushika naye zamu. Hata kama ni jirani mmoja, hata kama ni mwenzako mmoja wa kusali naye, usikae peke yako na moto wako.

Nimebakiza jambo moja. Wale wanawake saba walipofika Morisi hawakufanywa watumwa. Iliamuliwa kwamba hawakununuliwa kwa halali, wakawa watu huru. Ofisa mmoja mkubwa wa serikali aliwapokea nyumbani kwake mtoto yule mchanga, mama yake na bibi yake. Mama alikuwa anaitwa Semiavou. Mtoto alibatizwa, akapewa jina Jacques, ambalo ni jina la ofisa yule. Tena akaongezewa jina la pili.

Nadhani wengi wenu mmekwisha kulikisia. Waliokuwapo walimtazama mtoto huyo, mwana wa watu waliofanywa watumwa, aliyetolewa katikati ya maji akiwa hai, nao wakakumbuka mtoto mwingine aliyetolewa katika kisafina kando ya mto wa Misri. Wakamwita Musa.

Bwana hakuusahau moto ule uliowaka katika mchanga usio na mti. Wala hausahau wako. Naye anatutazama sisi tuliopanda mashua, aone kama tutageuka na kukumbuka tulichosema pale ufuoni.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe unayetimiza kila ulilolinena, utusamehe maneno yetu mepesi. Utukumbushe leo jina moja, mtu mmoja tuliyemwacha akiitazama njia, na utupe miguu ya kwenda kwake kabla jua halijatua. Wale walioachwa uwape maji, uwape kivuli, na uwape mwenzi wa kushika naye zamu ya moto. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, nawatakia siku njema. Kwaherini.